Jicho Linaishia Wapi: Shajara ya Tao la Kupimia Macho, Mtwara

Jumatatu, 2 Juni

Kazi hii imeanza kwa ubishi. Wiki iliyopita alikuja kijana wa bodaboda, analalamika kwamba akitazama upande wa kulia barabara zinakuwa mbili. Jicho lake la kulia halikuwa linaenda nje sawasawa. Ule msuli wa upande wa sikio, unaopokea amri kupitia neva ya sita, ulikuwa umelegea. Nikaandika -1 kwenye kadi. Mwenzangu akampima baada yangu, akaandika -2. Tukatazamana.

Kipimo hicho ndicho tulichofundishwa wote: 0 ni jicho linalofika mwisho, -4 ni jicho lisilovuka katikati, na yaliyo baina yake ni ya kukadiria. Kwa siku moja hakina neno. Ubaya ni pale kijana atakaporudi. Mwenzangu alishaandika -2; nikimpokea mimi nikaandika -1, nitamwambia amepata nafuu, na huenda jicho halijasogea hata kidogo. Sukari yake ilikutwa juu, tumempeleka kliniki ya kisukari. Kwa watu wazima neva hii hupatwa sana na mambo ya sukari na presha, na mara nyingi hurudi yenyewe ndani ya miezi michache. Ndiyo maana mtu wa namna hii afuatiliwe kwa namba, siyo kwa hisia za aliyekuwa zamu.

Nimeamua kutengeneza chombo cha kupima kwa digrii. Lakini huwezi kusema jicho limepungukiwa kama hujui zima linafika wapi, kwa watu wazima wa hapa, kwenye kiti hiki, likipimwa na mkono huu. Vitabuni jicho zima huenda kama digrii 45 hadi 50 upande wa nje, wa sikio, na upande wa ndani, wa pua, hivyohivyo. Nataka kuona kama nitaipata.

Perimita ya kiwandani, lile tao lenye digrii la kupimia macho, hatuna. Plaiwudi ipo.

Alhamisi, 5 Juni

Hesabu yenyewe ni ya shuleni. Duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 57.3 lina mzingo wa sentimita 360. Kwa hiyo kila sentimita ya ukingo ni digrii moja, hakuna cha kuzidisha wala kugawanya. Utepe wa fundi cherehani una sentimita 150. Ukiubandika kwenye ukingo wa nusu duara, ile 75 ikakaa mbele ya jicho, unabaki na digrii 75 kulia na 75 kushoto. Hakuna jicho litakalofika huko.

Nimempelekea seremala mmoja wa Chikongola mchoro. Ubao wa futi 8 kwa 4 una upana wa sentimita 122 hivi, na nusu duara yangu inataka 114.6. Inaingia, pembeni inabaki kidogo tu.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kuchukua kazi. Fundi akanitolea nusu duara la plaiwudi lililopigwa msasa mpaka ukingo unateleza. "Dokta, miguu utaweka ya chuma au ya mbao?"

Amenitengenezea meza.

Mimi nilitaka pengo, yeye amenipa kilichotoka kwenye pengo. Kosa ni langu. Mchoro ulikuwa na mstari mmoja, na haukusema upande upi ni kazi na upi ni taka. Bahati ubao wenye pengo ulikuwa bado umeegemezwa ukutani, unasubiri kugeuzwa viti vya watoto. Tukaupiga msasa ukingo wa ndani, nikazungusha uzi wenye msumari mara tatu kuhakiki, hapa na pale ulikosea milimita mbili au tatu. Inatosha. Fundi akauliza mtu atakaa wapi. Nikamwonyesha: kichwa hapa katikati, ubao unamzunguka mbele. Akasema ameshatengeneza vitanda, makabati na majeneza, ila mtego wa watu ndiyo mara ya kwanza.

Meza nimeichukua pia. Nimeilipia.

Jumamosi, 14 Juni

Tao limesimama. Tumelipandisha juu ya tofali mpaka likawa usawa wa macho ya aliyekaa, na mbele ya kiti kuna kigingi cha kuwekea kidevu.

Utepe wa cherehani, kabla ya kuubandika, niliulaza juu ya rula ya chuma. Penye 100 ya utepe, rula ilisema 101.2. Umevutika kwa kazi. Kwa fundi cherehani hilo halimsumbui, maana utepe uliompima mteja ndio utakaopima kitambaa, kosa linajifuta lenyewe. Kwangu halijifuti. Kwenye digrii 45 linanila nusu digrii. Nikanunua mpya, nao nikaulaza kwenye rula kwanza.

Namna ya kupima ni hii. Jicho moja linafunikwa. Herufi ndogo imechapwa kwenye kikaratasi, kikaratasi kimebanwa na kibanio cha nguo, na kibanio kinatembezwa ukingoni polepole kutoka katikati kwenda pembeni. Anayepimwa anaifuata kwa jicho tu, na kila ninaposimama ananiambia ni herufi gani. Sehemu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inayoweza kusoma kitu kidogo hivyo ni ile ya katikati kabisa, na ni ndogo. Jicho likifika mwisho wake, kibanio kikaendelea kusogea, herufi inatoka kwenye sehemu hiyo na kugeuka doa. Bado anaiona, ila haisomi. Hapo ndipo naandika. Kwa wasiosoma natumia E inayogeuzwa, wanaonyesha kwa vidole miguu yake imeelekea wapi.

Tumeanza na sisi wenyewe: mimi, mwenzangu na muuguzi wetu. Jicho langu la kulia: nje 47, ndani 43. La kushoto: nje 47, ndani 43. Nikafurahi jinsi yalivyofanana. Halafu ya mwenzangu yakatoka vilevile, nje kubwa kuliko ndani kwa digrii nne. Ya muuguzi pia. Furaha ikapungua. Watu watatu wasio ndugu hawawezi kuwa na tofauti moja. Tofauti hiyo ni ya chombo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeikamata. Nilikuwa naweka pua katikati ya duara. Lakini anayepimwa siyo pua, ni jicho, na jicho liko kama sentimita tatu pembeni ya pua. Jicho la kulia kwa hiyo limesogea kuelekea upande wa kulia wa tao na kuukimbia wa kushoto. Nilikaa na kikokotoo: jicho linalokwenda digrii 45 kamili pande zote mbili, likikaa sentimita tatu nje ya katikati, linasomeka 47 nje na 43 ndani. Namba zangu zilezile! Sijui nicheke au nilie. Kwa siku tano nimetembea nikijua chombo kinadanganya, nisijue wapi.

Kigingi cha kidevu sasa kina alama mbili, moja ya jicho la kulia na moja ya la kushoto, na uzi mwembamba unashuka kutoka juu kuonyesha katikati ya duara ni wapi. Jicho linakaa chini ya uzi. Kwa usahihi zaidi, uzi uwe juu ya kitovu ambacho jicho linazungukia, ambacho kiko milimita kama 13 nyuma ya kioo cha mbele, siyo juu ya kioo chenyewe. Hilo likikosewa linagharimu chini ya digrii moja, lakini kulirekebisha ni bure.

Jumatatu, 23 Juni

Kabla ya kumpima mtu wa nje nilitaka kujua chombo kinajirudia vipi. Jicho langu la kulia, upande wa nje, mara tano, siku tofauti, muuguzi ndiye anayesoma utepe: 46, 49, 44, 47, 45.

Jicho moja, mtu mmoja, digrii tano za tofauti. Nikitumia chombo hiki kumfuatilia kijana wa bodaboda, akitoka 40 akaenda 44 sitajua kama ni msuli umepona au ni Jumanne tu.

Nani mwongo? Nilimwomba mlinzi wetu akae, nimtazame nikiwa nimesimama mbele. Mzee wa watu, shikamoo zikaisha, akakaa vizuri, kidevu kwenye kigingi. Nikamwambia, "Mzee wangu, fuata kwa jicho tu, kichwa kisigeuke." Kibanio kikaenda kulia. Akasoma, akasoma, akasoma. Kwenye 50 bado anasoma. Kwenye 55 bado. Nikaangalia: sikio lake la kushoto, ambalo mwanzo lilikuwa nusu, sasa nalitazama lote mpaka ndewe. "Mzee, umegeuza kichwa." "Sijageuza, mwanangu." Na alikuwa anasema kweli kwa anavyojua yeye.

Sisi wote tuko hivyo. Nje ya kiti cha kliniki hakuna mtu anayepeleka macho hadi mwisho. Ukiitwa pembeni, macho yanaenda digrii 15 au 20, kisha shingo inachukua kazi iliyobaki. Kumwambia mtu asigeuze shingo ni kumwomba aache tabia aliyonayo tangu utotoni, tena akiwa anajitahidi kukufurahisha. Kidevu kikitulia paji linageuka, paji likifungwa kidevu kinateleza. Tulijaribu kumfunga muuguzi khanga kutoka paji la uso hadi kwenye mgongo wa kiti. Alionekana kama mgonjwa wa jino, na bado aligeuka.

Kung'ata kijiti cha mbao, kile cha kukandamizia ulimi, kilichofungwa kwenye kigingi: kinashika kichwa vizuri kuliko vyote. Ila mtu akiwa ameng'ata hawezi kukutajia herufi, na mlinzi wetu meno ya mbele hana. Kimekufa hapo.

Jumamosi, 28 Juni

Suluhisho limetoka sokoni, kwenye meza ya wauza chaja: kile kitochi cha leza cha mwanga mwekundu, kinachochezewa na watoto. (Watoto wasichezee, lakini hiyo ni siku nyingine.) Sikitaki karibu na uso wa mtu, kwa hiyo nimekishona kwenye ukanda wa kichwani upande wa kisogo, kinaelekea ukutani nyuma ya kiti. Ukuta uko mita mbili. Kichwa kikigeuka digrii moja, kidoa kinahama sentimita tatu na nusu. Nimechora duara ukutani kwa kuzungushia mdomo wa glasi, upana wake ni sentimita saba. Kidoa kikiwa ndani ya duara, kichwa hakijageuka zaidi ya digrii moja. Kikitoka, muuguzi anagonga meza, kipimo kinafutwa, tunaanza upya.

Kwa hiyo sijamzuia mtu kugeuka. Nimekubali atageuka, najua tu lini.

Jicho langu la kulia, nje, mara tano tena: 45, 46, 44, 45, 45.

Nimeitazama mistari ile miwili ya namba jioni nzima.

Jambo dogo lililojitokeza: ukiwa mwisho kabisa jicho linatetemeka kidogo, mruko mdogomdogo wa kurudi na kwenda. Muuguzi aliuona kwangu akashtuka. Kwa watu wazima wenye afya hilo ni la kawaida pale mwisho, hasa ukilishikilia. Kwa hiyo tunasoma haraka, sekunde mbili tatu, jicho linarudi katikati kupumzika.

Alhamisi, 3 Julai

Leo ni pua.

Upande wa nje sina tena wasiwasi nao. Upande wa ndani muuguzi wetu anatoka 41 kila mara, mimi 45. Nilidhani ndivyo alivyo. Halafu akasema neno ambalo ningelikosa kama ningekuwa natazama utepe tu: "Haififii, inapotea ghafla." Herufi ikiisha kwa sababu jicho limefika mwisho, inafifia kwanza. Ikipotea ghafla, kuna kitu kimeingia kati. Nikamuuliza anaona nini mahali pale. "Naona pua yangu."

Ana pua iliyoinuka kuanzia juu, kwenye mfupa. Jicho lake lilikuwa na nafasi ya kuendelea, njia ndiyo iliyofungwa. Namba ile 41 ni kipimo cha pua. Kwa watu wenye pua bapa kama mimi tao linafaa pande zote, kwa wengine upande wa ndani linadanganya, na huwezi kuchagua watu kwa pua.

Kwa hiyo upande wa ndani nimerudi kwenye njia ya zamani ya daktari wa macho Kestenbaum, ya rula ya plastiki inayoonyesha upande wa pili. Inashikwa mbele ya jicho kwa mlalo. Mtu anatazama mbele, unasoma ukingo wa jeusi la jicho, pale jeusi linapopakana na jeupe, uko kwenye milimita ngapi. Anapeleka jicho hadi mwisho, unasoma tena ukingo uleule. Jicho zima huhama kama milimita 10 likienda nje, na kama 10 likienda ndani.

Ukingo upi, hapo ndipo penye kazi. Jicho likienda ndani, ukingo wa upande wa pua unazama kwenye kona ya jicho, huusomi tena. Inabidi ufuate ule wa nyuma, wa upande wa sikio, unaobaki wazi unavuka jeupe. Nilimtazama muuguzi kwa karibu: ukingo wa nje ukaanza kwenye 24, ukaja taratibu kupita mishipa miwili myembamba myekundu iliyo kwenye jeupe lake, ukasimama kwenye 14 na nusu. Milimita tisa na nusu. Kwa jicho la kawaida, lenye kipenyo cha kama milimita 24, kila milimita ni digrii tano kasorobo hivi, kwa hiyo ni 45 hivi. Siyo 41.

Rula nayo ina dhambi zake. Kosa la milimita moja ni karibu digrii tano, na mpimaji akihamisha kichwa chake mwenyewe namba inahama. Ninafumba jicho langu moja na ninakaa hapohapo. Jicho kubwa, kama la baadhi ya watu wenye miwani ya kuonea mbali, linatoa milimita nyingi kwa digrii zilezile. Kwa hiyo tao kwa nje, rula kwa ndani, na kwenye fomu kuna safu mbili zisizochanganywa.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, kliniki imefungwa, nyumba yangu imejaa ndugu. Binamu yangu amekuja kutoka Tandahimba, akajitolea apimwe. Macho mekundu, yanachuruzika. Ametoka kupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, bila miwani ya kujikinga. Jicho linalowasha halifiki mwisho kwa kupenda kwake, na akilazimishwa anafumba. Nimempa maji safi ya kuoshea, nimemgombeza, sikumwandika.

Amenisaidia kuandika sharti ambalo sikuwa nalo. "Macho mazima" nilikuwa nimelieleza hivi: haoni viwiliviwili, hana kengeza wala hakuwahi kufanyiwa upasuaji wa misuli ya macho, hana tezi la shingo linalomsumbua, hajawahi kuvunjika mfupa wa kuzunguka jicho. Sasa nimeongeza: siku ya kupimwa jicho lisiwe jekundu wala kuuma. Kwa mkoa huu, msimu wa salfa, sharti hilo peke yake litanipunguzia nusu ya wajitoleaji.

Jumamosi, 12 Julai

Mzee mlinzi amerudi kwenye kiti, sasa ana kitochi kisogoni. Herufi ndogo inamsumbua bila miwani, na miwani siitaki, kwa sababu ukitazama kupitia pembeni mwa lenzi, lenzi inakupindishia mwelekeo na fremu inakata. Nimemchapia herufi kubwa mara mbili. Kipimo kinakuwa kigumu kidogo kusoma mwisho wake, nimeandika hivyo pembeni. Muuguzi aligonga meza mara nne. Mara ya tano mzee akatulia: nje 43 kulia, 44 kushoto. Kwa umri wake ni jicho zuri. Kutazama juu ndiko kunakopungua zaidi watu wakizeeka, na kweli nilipomwomba atazame dari aliinua kichwa chote.

Hadi leo tumepimana wafanyakazi tu, ili kulijua tao. Kwenda kwa watu wa mtaani ni utafiti, na utafiti wa binadamu unahitaji kibali. Pendekezo la kupeleka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, nimeanza kuliandika, sehemu ya njia ya kupima imekuwa ndefu kuliko zote kwa sababu ya shingo na pua.

Alhamisi, 17 Julai

Kijana wa bodaboda alikuja leo. Sukari imeshuka, anasema barabara zinakuwa mbili akitazama kulia kabisa tu. Mwenzangu akampima kwenye tao, akakunja karatasi. Mimi nikampima baada ya robo saa, bila kuona. Jicho la kulia, nje: yeye 38, mimi 39. La kushoto, nje: sote 46.

Kisha tukajaza kadi kama kawaida. Mimi nikaandika 0 na alama ya kuuliza. Yeye ameandika -1, na amekataa kuifuta.